Primula za Kinara Zilikufa Wapi na kwa Nini: Kisa cha Bustani Moja ya Yorkshire

Mwenye bustani ni mama wa Kibosho, Kilimanjaro, nesi mstaafu, anayeishi na mumewe katika bonde la Nidderdale, Yorkshire ya Kaskazini. Nyuma ya nyumba yao ardhi inateremka hadi kwenye kijito chembamba chenye miti ya alda kando yake. Majira ya kuchipua ya 2022, baada ya kutembelea bustani ya Harlow Carr pale Harrogate na kuona kijito chake kilivyopambwa pande zote mbili kwa primula za kinara, maua ya mabua marefu, alinunua miche na kuipanda sehemu tatu: chini kabisa, kwenye kibonde ambacho hakikauki wakati wa baridi, kwenye ukingo wa kijito, na juu, chini ya mti mkubwa wa mbetula. Juni ile zote zilichanua.

Mwaka mmoja baadaye kibondeni palikuwa na mabaki meusi tu. Chini ya mbetula vilisalia vijani vya ukubwa wa kidole gumba. Ukingoni zilikuwa zimenona na kutanuka, isipokuwa chache zilizolegea ghafla na kulala chini huku jirani zao zikiendelea kuchanua.

Nilipomuuliza, jibu alikuwa nalo tayari. "Baridi ya Desemba imezimaliza, mwanangu. Hizi si za huku."

Si jibu la kupuuza. Desemba 2022 ilikuwa kali kweli. Braemar, kule Uskoti, kipimo kilishuka hadi nyuzi 17.3 chini ya sifuri. Lakini baridi hiyo ilipita juu ya sehemu zote tatu, na ukingoni, hatua chache tu kutoka kibondeni, mimea ilivuka salama. Kuna zaidi: makwao primula hizi huota milimani, nyingine zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako jalidi ni jambo la kila mwaka. Baridi peke yake haiziui. Kilichoua kilikuwa kingine, tena hakikuwa kimoja.

Mimea yenyewe

Primula za kinara zinatambulika kwa bua. Linapanda wima kutoka katikati ya majani, na maua yanalizunguka kwa pete, pete juu ya pete, ya chini ikitangulia kuchanua na za juu zikifuata kwa wiki kadhaa. Bua lililostawi hufika nusu mita hadi karibu mita nzima. Majira ya baridi yakiingia, majani ya aina nyingi hufa, hubaki chipukizi nene lililo sawa na uso wa udongo, na chini yake fungu la mizizi myeupe. Chipukizi hilo ndilo la kulindwa: kati ya Novemba na Machi mmea wote umo humo.

Mama alikuwa amenunua aina nne. Primula japonica ya Japani, ile nyekundu iliyokolea iitwayo 'Miller's Crimson'. Primula pulverulenta ya Sichuan, China, ambayo mabua yake yana unga mweupe unaobaki vidoleni ukiyashika. Na jozi ya Yunnan, China pia: bulleyana ya rangi ya chungwa, na beesiana ya zambarau-waridi yenye jicho la njano. Jozi hii ilifika Uingereza kwa fedha za pamba. Arthur Bulley, mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool aliyependa mimea kuliko pamba, alimgharamia George Forrest mwaka 1904 aende Yunnan kumtafutia mimea mipya. Ua la chungwa likapewa jina lake Bulley, na lile la zambarau likapewa jina la kampuni yake ya mbegu, Bees. Bustani yake ya Ness ipo hadi leo, mikononi mwa Chuo Kikuu cha Liverpool.

Kwa faida ya wanaodhani jenasi hii yote ni ya Ulaya na Asia ya mbali: milima ya Simien, Ethiopia, ina primula yake, Primula simensis, ya njano, nayo hupanga maua yake kwa pete. Haimo katika kundi hili la kinara, ila ni ukoo.

Maji ya kiangazi na maji ya kipupwe

Kitambulisho cha plastiki kinachokuja na mche madukani huandika "udongo wenye unyevu" na kuishia hapo. Mama alifuata maelekezo hayo kikamilifu: alizunguka bustani mwezi Aprili, akabonyeza udongo kwa kiatu, akapanda penye unyevu. Tatizo ni kwamba mwezi Aprili bustani yote ya Nidderdale ina unyevu, hata chini ya mbetula.

Fikiria mvua ya Yunnan na Sichuan. Inakuja kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati mmea una majani mapana na mabua marefu na unakunywa kwa pupa. Wasomaji wa pwani wanaujua mzizi wa mvua hiyo: kusi, inayovuka ikweta kando ya ufuko wetu, hukunja kuelekea India, ikawa sehemu ya mfumo ule ule wa pepo za msimu unaoishia kumwaga maji katika milima ya kusini-magharibi mwa China. Kisha kusi hukoma, na majira ya baridi kule huwa makavu. Mmea unalala mahali pakavu na baridi.

Yorkshire haina mpango huo. Mvua hunyesha mwaka mzima, lakini udongo hujaa kuanzia Oktoba, wakati hakuna jani la kunywa wala jua la kukausha, na hupungukiwa Julai, wakati primula inahitaji maji kuliko siku zote. Kwa hiyo mmea wa Yunnan hapa unakabiliwa na hatari mbili zilizokaa kinyume: kuzama ukiwa usingizini na kukauka ukiwa macho. Mahali pazuri ni pale panapoepuka zote mbili, na huwezi kupajua kwa kuangalia mara moja mwezi Aprili.

Nao mwaka ambao mama alipanda haukuwa wa kawaida. Tarehe 19 Julai 2022, Coningsby, Lincolnshire, joto lilifika nyuzi 40.3; kabla ya siku hiyo haikuwahi kutokea Uingereza kuvuka 40. Yorkshire watu walizuiwa kumwagilia bustani kwa mpira kuanzia tarehe 26 Agosti. Kijito chake kilipungua hadi kikawa uzi wa maji kati ya mawe, ingawa hakikukatika.

Kibonde

Tuliacha uchunguzi wa hapa usubiri majira ya baridi yaliyofuata, maana kuchimba mwezi Mei kungetupa jibu la Mei. Mwezi Januari tukachimba mashimo mawili ya kina cha sepetu moja na nusu, moja kibondeni na moja ukingoni, tukaweka bati juu kuzuia mvua, tukayaacha hadi kesho yake.

Shimo la ukingoni lilikuwa na maji chini kabisa, maangavu. Juu ya maji palikuwa na udongo mweusi, tifutifu, wenye nyuzinyuzi za mizizi ya alda. Shimo la kibondeni lilikuwa limejaa karibu mpaka juu. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi wa kijivu kilichoelekea buluu, wenye madoa ya kutu, na ulipokatwa ulitoa harufu ya yai viza. Rangi ile na harufu ile vinatosha kama ushahidi: ni udongo ambao hewa haiingii kwa miezi mingi. Mizizi nayo inapumua. Primula iliyolala inaweza kuvumilia maji yanayopita, kwa kuwa maji yanayotembea hubeba oksijeni. Yakituama, mizizi hukosa hewa, kisha magonjwa ya kuoza huingia kuanzia chini na kupanda hadi kwenye chipukizi.

Mama aliinama, akachota kidogo kwenye kiganja, akanusa. "Haya yamelala," akasema. "Kwetu maji ya namna hii tusingeyaacha yafike kwenye kihamba, shambani kwenye migomba."

Tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Mtu aliyekulia Kibosho amekulia kwenye mifongo, mifereji ile inayoteremsha maji ya Kilimanjaro kutoka juu hadi migombani, inayochimbwa, kusafishwa na kugawanywa kwa zamu na ukoo mzima. Hakuhitaji kuelezwa tofauti ya maji yanayopita na maji yaliyokaa. Alihitaji tu kuambiwa kwamba maua haya ya Kizungu yanajali tofauti hiyo kama migomba inavyojali.

Mbetula

Hapa pana machache ya kusema. Mizizi ya mbetula hukaa juujuu na inakunywa sana. Julai udongo chini yake ulikuwa vumbi. Primula hazikufa zote kwa sababu kivuli kilipunguza makali, lakini mmea usiopata maji wakati wa kujenga chipukizi la mwaka ujao hutoa chipukizi dogo, na mwaka unaofuata dogo zaidi.

Kuna njia ya kulazimisha: unachimba shimo pana la kina cha nusu mita, unalaza karatasi nene ya plastiki iliyotobolewa matundu machache, unarudisha udongo uliochanganywa na mboji, na unapata kitanda kinachoshika maji. Penye uwazi ni njia nzuri kabisa, na wasio na kijito wengi huitumia. Chini ya mti mkubwa sikuipendekeza. Utakata mizizi ya mbetula kuchimba, na ndani ya miaka michache mizizi mipya itaingia matunduni na kunywa maji uliyoyahifadhi. Primula zilizosalia pale tukazihamishia ukingoni, na chini ya mti mama akapanda vitu vinavyostahimili ukame wa kivuli.

Zilizolala ukingoni

Hiki ndicho kifo ambacho kingepita bila kutambuliwa, kwa kuwa kilitokea mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa sawa. Mimea michache ya pulverulenta ilinyauka Mei, udongo ukiwa na maji ya kutosha. Anayeona mmea umenyauka hukimbilia ndoo. Kabla ya ndoo, shika mmea uuvute taratibu. Wa kwanza ulitoka mkononi bila ukinzani wowote: majani mazima, chipukizi zima, chini yake hakuna mzizi, kimebaki kisiki kilichotafunwa kikawa laini.

Tukakoroga udongo kwa vidole. Funza weupe, wa urefu wa kama sentimita moja, waliojikunja, vichwa vya kahawia, hawana miguu. Mama hakushtuka. "Fukusi wa migomba," akasema, halafu akajisahihisha kwa kuangalia ukubwa: "Ndugu yake."

Ndugu yake hasa. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, na huyu wa bustani za Ulaya, Otiorhynchus sulcatus, wote ni wa jamii ya fukusi, na wote uharibifu wao mkubwa hufanywa na funza aliyejificha chini. Huyu wa Ulaya ana ujanja wa ziada: wote ni majike, hutaga bila dume, kwa hiyo mmoja tu aliyeingia bustanini anatosha kuanzisha kizazi. Hawezi kuruka. Usiku hupanda majani na kuyatafuna pembeni, akiacha mikato ya nusu duara. Ukiiona mikato hiyo kiangazi, ujue mizizi italiwa kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua.

Aliingiaje? Hakuna anayeweza kuthibitisha, lakini kawaida huja ndani ya udongo wa vyungu, akiwa yai au funza mdogo. Miche yote ya mama ilikuwa ya vyungu, na ilipandwa na udongo wake. Tangu wakati huo kila mche unaoingia bustanini humo, hata wa zawadi, unatikiswa udongo juu ya gazeti, mizizi inaoshwa kwenye ndoo, ndipo unapandwa.

Kwa funza waliokwisha kuwamo alitumia nematodi, minyoo wadogo sana wasioonekana kwa macho wanaouzwa wakiwa hai, unawachanganya na maji na kumwagia udongo. Wanamwingia funza na kumuua. Hawana madhara kwa mimea, mnyama wa nyumbani wala mtu, lakini wana masharti: udongo uwe na unyevu, na usiwe wa baridi mno; aina inayopendelewa kwa kazi hii hufanya kazi udongo ukiwa juu ya nyuzi 5. Mwisho wa Agosti na Septemba ndio wakati, funza wakiwa bado wadogo. Kuwamwaga Desemba kwa sababu ndipo umekumbuka ni kutupa hela.

Tulichofanya kibondeni

Mume wake alitaka kuweka mabomba ya kukausha kibonde chote. Ingefanya kazi kupita kiasi: kiangazi kingekuta pale pakavu kama chini ya mbetula. Pendekezo lililoshinda lilikuwa la mama mwenyewe, na ninaamini lilikuwa bora kuliko langu. Alichora kwa fimbo mfongo mmoja, upana wa sepetu na kina cha kiganja na nusu, unaoanza kwenye sehemu ya chini kabisa ya kibonde na kupinda hadi kijitoni kwa mteremko mdogo sana. Maji ya kipupwe yapate njia, lakini yasikimbie. Mdomoni aliacha kizingiti cha jiwe bapa linaloweza kutolewa: linatolewa Oktoba, linarudishwa Mei.

Anayetaka kuiga azingatie jambo moja. Mfereji mdogo ndani ya bustani yako ni jambo lako, lakini England kuweka kizuizi au kalvati ndani ya kijito chenyewe huhitaji kibali cha mamlaka ya eneo. Jiwe la mama liko mfongoni, halimo kijitoni.

Udongo uliotoka mfongoni, pamoja na mboji ya majani iliyokaa miaka miwili kwenye kizimba cha waya, ulitumika kuinua matuta kando zote mbili. Mfinyanzi peke yake usingefaa. Juu ya matuta tulipanda kwanza Primula japonica, kwa kuwa ndiyo inayovumilia maji kuliko zote nne. Bulleyana na beesiana tuliziweka mbali zaidi na sehemu ya chini, na pulverulenta hatukuipeleka kabisa. Mama aliitaka. Nilimwambia, "Mama, hiyo iache ukingoni inakofurahi," akakubali kwa shingo upande.

Matokeo hayakuwa safi. Majira ya baridi ya 2024 yalipita bila kuua mmea kibondeni hata mmoja, na hilo ndilo tulilotafuta. Lakini majira ya kuchipua ya 2025 yalikuwa makavu ajabu, England nzima haikuwa imeona ukavu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia, na mwezi Mei vilele vya matuta ndivyo vilivyonyauka mwanzo. Tuta linaloepusha mzizi na maji ya Januari linaupandisha pia mbali na maji ya Mei. Ilibidi jiwe lirudishwe mapema na ndoo zitoke. Sasa matuta yamepunguzwa kimo karibu nusu na kutandazwa mboji nene zaidi, na jiwe halifuati tena kalenda. Linafuata kidole kilichochomekwa kwenye udongo.

Mbegu, na ugomvi mdogo wa rangi

Bulleyana na beesiana zikikaa karibu huoana bila kuombwa, na watoto wao hutoka rangi za kila namna: chungwa lililopauka, waridi, nyekundu ya matofali. Uchangamano wa aina hii ndio ulioipa sifa Harlow Carr. Wapo watunza bustani wanaouchukia na kung'oa kila chotara. Mimi siwaelewi, lakini anayetaka bulleyana safi hana budi kuzitenga au kukata mabua ya beesiana kabla hayajatoa mbegu. 'Miller's Crimson' haisumbui hivyo, mbegu zake kwa sehemu kubwa humfuata mama yao.

Mbegu hukomaa Julai na Agosti, ndogo mno, za kahawia. Zikipandwa mbichi, siku hiyo hiyo, juu ya udongo bila kufunikwa kwa kuwa zinahitaji mwanga, zikawekwa mahali pa baridi chini ya nyuzi 20, huota vizuri. Zilizokaa dukani mwaka mzima huwa zimelala usingizi mzito na kwa kawaida hutaka majira ya baridi yazipitie kwanza. Kwa sababu hiyo naona kununua pakiti ya mbegu kuukuu ni uvumilivu uliopotezwa, wakati jirani yeyote mwenye primula ana maelfu ya bure mwezi Julai.

Bustanini kwa mama zinaota zenyewe, lakini si pale alipotarajia. Matandazo ya mboji yanayolinda matuta dhidi ya ukavu ndiyo yanayozuia mbegu kuota, kwa kuwa hazipati tope tupu la kushikia. Tope tupu liko sehemu moja tu: ndani ya mfongo. Mwaka jana mfongo ulijaa miche mpaka maji yakaanza kupita juu yake na kurudi kibondeni, na sasa hung'olewa kila mwisho wa Agosti, kabla ya mvua. Baadhi inapandwa ukingoni. Inayobaki anawagawia wanawake wenzake wa kanisani, imeshaoshwa mizizi, ikiwa imefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, pamoja na onyo kwamba kwanza wachimbe shimo Januari.